Digrii 0.34 si ya kupuuzwa

Mwezi mpevu huziba nusu digrii ya anga. Wanakosmolojia, wachunguzi wa asili ya ulimwengu, wanabishania pembe ndogo kuliko hiyo.

Mwaka 2022 Johannes Eskilt na Eiichiro Komatsu waliunganisha data za setilaiti za Planck na WMAP, wakaona kwamba polaraizesheni ya nuru kongwe kuliko zote, iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, yaani upande ambao mawimbi yake hutetemekea, imezungushwa njiani kwa digrii 0.34. Kama ni kweli, maumbile yanabagua kushoto na kulia hata katika safari ya nuru. Kwa nguvu nyonge ya nyuklia, ile inayoozesha baadhi ya atomi, tulilijua hilo tangu 1957, kwa jaribio la kobalti la Chien-Shiung Wu. Kwa nuru, hapana.

Wenye shaka wana hoja nzito: kigunduzi kilichofungwa upande kidogo hutoa pembe ileile. Timu ya Planck yenyewe mwaka 2016 ilipata digrii 0.31, ikakiri kwamba ufungaji pekee waweza kuleta kosa la digrii 0.28.

Ila wanaoirudia hoja hiyo leo wamepitwa. Mwaka 2020 Yuto Minami na Komatsu walilifanya vumbi la galaksi yetu, adui wa kila mpimaji, kuwa rula. Nuru ya vumbi inatoka hapa jirani. Haikusafiri miaka bilioni 13.8, basi haikupata nafasi ya kuzungushwa. Kigunduzi kilichopinda huzipotosha nuru zote mbili sawasawa. Safari huigusa ile kongwe tu. Ukitoa upotovu wa pamoja, kinachobaki ni cha safari.

Katika kipimo kile cha 2022, kinachobaki kina sigma 3.6, sigma ikiwa kipimo cha jinsi matokeo yalivyo mbali na bahati tupu. Kwa bahati tupu hutokea kama mara moja katika 3,000. Wanafizikia hudai sigma 5, na sawa wadai, lakini mara moja katika 3,000 si "hakuna kitu", kama ninavyosikia ikisemwa.

Kweli, huenda vumbi nalo lina kushoto na kulia kwake, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: mwaka 2014 watafiti wa darubini ya BICEP2 walitangaza mawimbi ya mvutano ya mwanzo wa ulimwengu, kumbe sehemu kubwa ilikuwa vumbi. Lakini mwaka 2025 darubini ya ACT, jangwani Atacama, ilitoa digrii 0.20, kosa 0.08. Hao hawakuegemea vumbi. Walikokotoa pembe kutoka lenzi na vioo vya darubini yao. Rula mbili zisizojuana, na mzunguko ni wa upande uleule.