Dakika Nne na Sekunde Hamsini za Mdogo Wangu

Jumapili ile nilisimama kwenye makutano ya barabara kuu, kilomita ya 31, nikiwa na chupa ya maji, chungwa lililomenywa na chumvi kidogo kwenye karatasi. Mdogo wangu alikuwa anakimbia marathoni yake ya kwanza kamili. Alikuwa na lengo moja, na alilitaja tangu Januari mpaka nyumbani tukalikariri wote: chini ya saa nne. Miezi yote hiyo aliamka saa kumi alfajiri, akakimbia, akarudi, akaoga, akapanda daladala kwenda kazini. Mvua ikinyesha, anakwenda. Mtoto akilala vibaya, anakwenda.

Akatokea kwenye kona, jasho limemkaukia mashavuni likawa chumvi nyeupe, kifua kimenyooka, hatua fupifupi zinazolingana. Nikaangalia saa yangu: 2:53. Hesabu nilikuwa nayo kichwani. Kwa kasi ile alikuwa anamaliza kwenye 3:55 au 3:56. Nikaanza kumshangilia kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Hapo trafiki akanyoosha mkono na kuwasimamisha wakimbiaji.

Lori la saruji likapita. Mabasi mawili ya mikoani yakafuata. Malori tena, pikapu, bodaboda zikijipenyeza katikati, honi juu ya honi. Mdogo wangu mwanzoni alirukaruka palepale asipoe. Kisha akainama, mikono magotini. Kisha akanitazama mimi na kusema, "Kaka, mwambie." Nikamwendea yule askari: "Afande, hawa wako kwenye mbio." Akanijibu kwa upole kabisa: "Naona, kaka. Lakini nimeambiwa niachie magari, barabara imefungwa tangu alfajiri." Simlaumu. Alikuwa peke yake na foleni isiyoonekana mwisho, madereva wanamtukana, na maelekezo aliyokuwa nayo ndiyo hayo.

Walikaa pale dakika nne na sekunde hamsini. Waliporuhusiwa, msuli wa nyuma wa mguu wake wa kulia ulikuwa umeshakaza. Hatua kumi za kwanza alichechemea. Alimaliza kwa 4:03:13.

Wiki hiyohiyo niliwaandikia waandaaji. Jibu lilikuwa la mistari miwili: matokeo ni ya mwisho, na changamoto za barabarani ni sehemu ya mchezo. Hiyo sentensi ya pili ndiyo iliyonikalisha kuandika haya.

Mlima ni sehemu ya mchezo. Jua ni sehemu ya mchezo, upepo, tumbo kuvuruga, malengelenge, ukuta wa kilomita ya 32, pale nguvu zinapokwisha ghafla, vyote hivyo ni sehemu ya mchezo na hakuna mkimbiaji anayelalamika kwa sababu vinampata kila mtu. Barabara kufunguliwa kwa magari wakati mbio zinaendelea hakumpati kila mtu. Mtu aliyefika pale sekunde moja kabla ya mkono wa trafiki kunyooka hakupoteza kitu. Mdogo wangu, aliyefika mwanzoni, alipoteza karibu dakika tano. Aliyekuwa nyuma yake kwa dakika tatu alisimama dakika moja na kitu tu. Aliyekuwa nyuma kwa dakika tano alikuta njia nyeupe, akapita bila hata kujua kwamba pale palikuwa na jambo. Kwa hiyo kwenye karatasi ya matokeo kuna watu wanaoonekana wamemwacha mdogo wangu au wamemkaribia, na ukweli ni kwamba alikuwa amewaacha mbali mpaka lori la saruji likawaunganisha. Nafasi zimechanganyika. Muda umechanganyika. Na jedwali limetoka safi, limenyooka, kama vile hakuna kilichotokea.

Nikubali wanachostahili kukubaliwa. Kanuni za riadha ziko wazi: muda rasmi unahesabiwa kuanzia mlio wa bunduki ya kuanzisha mbio mpaka mstari wa mwisho, na saa haisimami kwa ajili ya mtu yeyote. Najua pia huwezi kutoa tu 4:50 kwenye 4:03:13, ukaandika 3:58:23 na kusema huo ndio muda wake. Labda angechoka zaidi bila lile pumziko. Labda bila msuli kukaza angekimbia 3:55. Hakuna anayejua. Sikuomba wambadilishie muda, wala yeye hataki muda wa kupewa.

Lakini kanuni hizo zinachukulia kwamba njia iko wazi. Njia ya marathoni inapimwa kwa baiskeli maalumu, yenye kifaa kidogo cha kuhesabia kwenye gurudumu la mbele, na mpimaji anafuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara. Juu yake wanaongeza mita moja kwa kila mita elfu, mita 42 kwa njia nzima, ili isije ikatokea pungufu. Mchezo huu umefika kwenye sentimita. Halafu kwenye dakika tano tunaambiwa ni changamoto?

Na hili la dakika tano kuwa kitu kidogo, nashangaa linasemwa Tanzania. Tarehe 15 Septemba 2025 nchi nzima tuliamka na mkimbiaji wetu wa marathoni, Alphonce Simbu. Tokyo, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wameingia uwanjani pamoja, wote wakaandikiwa 2:09:48, na dhahabu yetu ya kwanza ya mashindano ya dunia ikaamuliwa kwa picha: sekunde 0.03. Tulilia kwa furaha, na tulikuwa na haki. Kwenye mbio hizohizo kulitokea mwanzo batili. Marathoni, kilomita 42 na ushei mbele yao, mtu ametangulia hatua chache, na waamuzi wakawaita wote warudi mstarini waanze upya. Wangeweza kusema njia ni ndefu, hatua chache si kitu. Hawakusema hivyo. Ukiangalia medali ile ilivyopatikana, unaelewa kwa nini.

Mtu ataniambia Simbu ni Simbu na mdogo wako ni karani wa kawaida anayekimbia kwa afya. Hapo ndipo ninapokasirika kweli. Kwa mkimbiaji wa mbele, kinachobaki ni nafasi. Vanderlei de Lima wa Brazil alikuwa anaongoza marathoni ya Olimpiki kule Athens, 2004, zimebaki kilomita kama saba, mtu akatoka pembeni ya barabara, Mwairishi aliyewahi kuwa padri, akamkumba na kumsukumia kwenye watazamaji. Mgiriki mmoja ndiye aliyemchomoa. Stefano Baldini na Meb Keflezighi wakampita, akapata shaba kwa 2:12:11. Brazil ilikata rufaa ipewe dhahabu ya pili, rufaa ikakataliwa mpaka kwenye mahakama ya usuluhishi wa michezo. Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi, ingawa unauma. Baldini naye alikimbia kilomita zote, na hakumtuma mtu. Lakini tukio lile liliandikwa. Hakuna anayeitaja shaba ile bila kumtaja yule mtu. De Lima akapewa medali ya Pierre de Coubertin, ile ya uungwana michezoni, na mwaka 2016 ndiye aliyewasha mwenge mkubwa kwenye Olimpiki ya Rio. Hakurudishiwa ushindi, ila dunia haikumwambia kwamba hakuna kilichotokea.

Mkimbiaji wa saa nne hana nafasi ya kugombania. Hana zawadi ya fedha, hana mdhamini, hana kamera. Ana muda wake tu. Namba ile ndiyo kila kitu alichotoka nacho kwenye ile miezi ya alfajiri, na ndiyo ambayo waandaaji walichukua ada kwa ajili ya kuipima.

Makosa yanatokea hata kwa wakubwa. Kwenye marathoni ya Venice, Italia, mwaka 2017, kundi la mbele, wakiwemo Wakenya, lilifuata pikipiki iliyotoka nje ya njia. Walipogeuzwa walikuwa wamepoteza kama dakika mbili, na Mwitaliano Eyob Faniel akashinda nyumbani kwao. Kwenye marathoni ya Manchester, Uingereza, iligundulika kwamba njia ya 2013, 2014 na 2015 ilikuwa pungufu kwa mita 380. Njia ya Brighton, hukohuko Uingereza, mwaka 2021 ilizidi kwa mita 568, ambazo kwa kasi ya mdogo wangu ni dakika tatu na zaidi. Sasa angalieni: tunazijua hizo mita 380 na 568 kwa sababu zilitangazwa. Ilikuwa aibu, watu walikasirika, na wa Manchester walipoteza muda waliojivunia kwa miaka. Lakini walipewa ukweli wa kilichowapata miguuni mwao.

Na kuna marathoni ya Boston, Marekani, 2013. Mabomu yalipolipuka karibu na mstari wa mwisho, maelfu ya wakimbiaji walisimamishwa wakiwa bado njiani. Waandaaji walichukua muda wa mikeka waliyokwisha kuipita, ile inayotandikwa barabarani kunasa muda wa kila mkimbiaji, wakakadiria muda wa kumaliza kwa waliovuka nusu ya njia, na wakawapa nafasi ya kurudi mwaka uliofuata. Silinganishi msiba ule na foleni ya malori. Nasema tu kwamba inawezekana. Kifaa kipo, akili ipo, kilichohitajika ni mtu kuamua kwamba aliyesimamishwa anadaiwa kitu.

Ninachokitaka ni kidogo sana. Matokeo yetu tayari yana safu mbili, muda wa bunduki na muda wa chipu, kile kifaa kidogo anachovaa mkimbiaji, kinachohesabu tangu yeye mwenyewe avuke mstari wa kuanzia. Ile ya pili iliwekwa kwa sababu mtu aliyeanzia nyuma ya umati hakutendewa haki na muda wa bunduki. Kwa hiyo waandaaji walishakubali zamani kwamba muda rasmi peke yake hausemi ukweli wote wa mkimbiaji wa kawaida. Basi kama kuna makutano mnayojua hayawezi kufungwa mpaka mwisho, tandikeni mkeka upande huu na mkeka upande ule. Chipu zitasema nani alisimama na kwa muda gani. Iwekwe safu ya tatu: alisimamishwa, 4:50. Muda rasmi ubaki ulivyo, nafasi zibaki zilivyo. Msomaji atajua. Kama mikeka haitoshi, kijana mmoja mwenye saa na kalamu, aandike barabara ilifunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi.

Gari la wagonjwa lipite, tena papo hapo. Hilo halina mjadala. Nyumba ikiungua, gari la zimamoto lipite. Lakini malori ya saruji yanajulikana, barabara kuu inajulikana, na mbio zilitangazwa kwamba njia iko wazi kwa wakimbiaji mpaka saa saba mchana. Trafiki alinyoosha mkono hata saa tatu asubuhi haijafika. Wakimbiaji wa mbele walikuwa wameshamaliza, wageni rasmi wameshavalisha medali, wapiga picha wanakunja vifaa. Barabara ililindwa kwa ajili ya wachache wa mbele, na wengi waliokuwa nyuma, ambao kwa hesabu ya vichwa ndio waliolipa sehemu kubwa ya shughuli ile, wakaachiwa wagawane lami na mabasi. Zaidi ya muda, hii ni hatari. Nilimwona mama mmoja wa makamo, namba yake kifuani, akichungulia kati ya malori mawili kama aruke avuke. Nilimshika mkono.

Mdogo wangu ameniambia, "Kaka, achana nao, nitakimbia tena." Atakimbia, namjua. Medali ameining'iniza sebuleni kwa mama, na mgeni akiuliza, mama anasema binti yake amekimbia saa nne. Binti yake anainuka kwenda kuangalia chai.

Usajili wa mwakani umeshafunguliwa. Kwenye tangazo wameandika njia ni ileile. Nimewauliza pale kilomita ya 31 barabara itafungwa mpaka saa ngapi, na nani atakayesimama pale. Leo ni siku ya tisa, bado hawajajibu.