Elwood Hakuwa Mjinga

Nikizungumza na watu waliosoma The Nickel Boys, riwaya ya Colson Whitehead ya mwaka 2019, mara nyingi nasikia hukumu ileile: Turner alikuwa na akili, Elwood alikuwa mjinga. Naielewa hukumu hiyo, ila sikubaliani nayo. (Mwisho wa kisa nitautaja, kwa hiyo asiyeisoma bado aamue mwenyewe kama aendelee.)

Wavulana hawa wawili weusi wanakutana miaka ya 1960 katika shule ya maadilisho huko Florida. Elwood amepelekwa pale kwa sababu alipewa lifti kwenye gari ambalo kumbe lilikuwa la wizi, siku anaelekea chuoni. Amelelewa na bibi yake mjini Tallahassee, na zawadi aliyoipenda kuliko zote ni santuri ya hotuba za Martin Luther King aliyopata Krismasi ya 1962. Anaamini ukweli ukifika kwa mwenye dhamana, kitu kitafanyika. Turner anaishi kwa ule usemi wetu: mkono usioweza kuukata, ubusu.

Turner ana hoja, tena nzito. Elwood anaandika kwenye daftari vyakula vya wavulana weusi vinavyouzwa mjini kwa siri, kisha barua yenye habari hizo inafikishwa kwa wakaguzi wa serikali. Malipo yake ni viboko, chumba cha giza, na risasi anapojaribu kutoroka. Historia nayo inamuunga mkono Turner. Shule halisi iliyozaa riwaya hii, Dozier ya mjini Marianna, ilifunguliwa mwaka 1900. Mwaka 1903 wakaguzi walikuta watoto wamefungwa minyororo miguuni, wakaripoti. Shule ilikuja kufungwa 2011. Miaka 108 baada ya ripoti ile! Ukiyajua haya, unamlaumuje kijana anayesema nyamaza, umalize muda wako, utoke hai?

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo imekataa kunitoka kichwani. Kwenye makaburi ya Dozier kulikuwa na misalaba 31. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa Florida walipochimba wakapata makaburi 55. Na misalaba yenyewe haikusimama juu ya makaburi. Wengi wa watoto walikuwa nje kabisa ya eneo lile, vichakani, chini ya miti, hata chini ya barabara. Tofauti ni 24. Watoto 24 ambao hata msalaba wa kubahatisha hawakuupata. Hesabu hiyo haikujirekebisha yenyewe. Uchimbaji ulikuja baada ya wazee waliowahi kuwa wafungwa wa pale kuanza kusema hadharani yaliyowapata, miaka ya 2000, wakiwa na wajukuu. Walifanya alichofanya Elwood. Mwaka 2017 bunge la Florida likaomba radhi, na 2024 zikatengwa dola milioni 20 za fidia. Wengi walikuwa wameshakufa, na hapo Turner ana haki ya kuuliza radhi hiyo ni ya nani. Hata hivyo, bila waliosema tungekuwa bado na 31.

Riwaya inaonyesha jengo jeupe ambamo watoto wanachapwa usiku, na feni kubwa inayonguruma wakati wote wa kuchapwa ili vilio visitoke nje. Kama sauti ya mtoto haina uzito wowote, feni ya nini? Wenye shule walijua kitu ambacho wasomaji wanaomcheka Elwood hawajakitambua.

Tena si kweli kwamba kijana huyu hajui kudanganywa ni nini. Alipokuwa mdogo alishinda seti ya ensaiklopidia kwenye shindano la kukausha vyombo katika jikoni la hoteli, akaibeba hadi nyumbani kwa shida, akakuta kitabu kimoja tu ndicho kimechapwa. Vingine vyote kurasa tupu. Ndiyo maana daftari lile lina maana kwangu: safari hii kurasa anaziandika mwenyewe.

Na nani aliyeifikisha barua kwa wakaguzi? Turner, yuleyule aliyeipinga. Elwood anapouawa, Turner anatoroka hadi New York na kuishi miongo kadhaa kwa jina la rafiki yake. Wapo wanaouona mwisho huo kuwa ujanja wa mwandishi wa kumshtua msomaji. Mimi naona ndipo mabishano yao yanapopata jibu, maana aliyepona hakuweza kuishi kwa falsafa yake peke yake. Mzee tayari, anamweleza mkewe jina lake la kweli, kisha anapanda ndege kurudi Florida kutoa ushahidi.

Anafikia hoteli ileile ya Tallahassee, sasa ina jina jingine. Zamani Elwood alikuwa akicheza jikoni pale, akisubiri mlango ufunguke aone kama ukumbini kumeketi mteja mweusi hata mmoja. Turner anaingia ukumbini, anavuta kiti, anaketi ale.