Miti bilioni 15 na wamama wa Wangari

Serikali ya Kenya inataka miti bilioni 15 iwe imepandwa kufikia 2032, na ule ubishi umerudi tena, hii kazi ya tabianchi iongozwe na wataalamu wenye satelaiti ama na wamama wa kijijini na yale waliyoachiwa na nyanya zao.

Wanaosimama na wataalamu wana pointi, tusiwabeze. Majira yamevurugika, mtu aliyefunzwa na mamake kwamba mvua ndefu ni Machi anaweza kupanda mbegu zikakauka tu mchangani. Pia si kila mti unafaa kila mahali.

Lakini wakimtaja Wangari Maathai, yule mwanamazingira wetu, ni Nobeli ya Amani ya 2004 basi, kazi yenyewe ilivyofanyika hawaisemi. Alipoanza Green Belt, lile vuguvugu lake la kupanda miti na wamama, 1977, watu wa misitu walisema kupanda miti kunataka diploma. Wamama wakaotesha miche kwa vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu mbuzi na kuku wasifike, maanake kuotesha walishajua toka utotoni, mahindi na maharagwe walipanda na mama zao. Na walilipwa karibu senti 4 za Marekani kwa kila mche ulioshika. Ulioshika jamani, si uliopandwa! Mimi hapo ndipo hukwama nikisikia hizo bilioni, kwa sababu kupanda ni asubuhi moja na kamera, lakini kumwagilia Februari jua likichoma, kufukuza mbuzi, kuweka matandazo, hiyo ni ya mtu anayeishi hapo hapo, na mara nyingi mtu huyo ni mama na wala hayuko kwa bajeti.

Na Wangari sayansi alikuwa nayo, PhD yake ni ya 1971. Akiwa mtoto mamake alimkataza kuokota kuni za mugumo, mti wa Mungu. Alipokuwa mtu mzima akakuta umekatwa na kijito cha karibu kimekauka, naye kufikia hapo alishaelewa ile mizizi ilikuwa inashika udongo na kuyapa maji njia ya kutoka chini. Mwiko wa wazee ulikuwa unalinda chemchemi kabla hatujaandikiwa ripoti yoyote.

Satelaiti ziletwe, sawa. Lakini tuhesabu mche uliomaliza kiangazi, hela zifike kwa vikundi vya wamama wanaoutunza, na pale inapoamuliwa mti gani upandwe wapi, wawe wamekaa mezani na mabinti zao.