Moshi Mweupe na Dumu la Manjano

Jirani yangu hapa Bamburi ameuziwa injini ya mtumba ambayo, kwa maoni yangu, hakuihitaji. Gari lilianza kutoa moshi mweupe, fundi akaja, akasimama nyuma ya ekzosi dakika moja, mikono kiunoni, akatoa hukumu: "Ringi zimekwisha, mzee. Tafuta injini." Hata kifuniko cha oili hakukigusa.

Ringi! Hizo pete za pistoni zinazozuia oili isipande zikiisha, moshi huwa wa buluu, maana ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli imezidi. Lakini mweupe mzito, usiokatika hata uende Mtwapa na kurudi, hayo ni maji ya rejeta, yale ya kupooza injini, yameingia kwenye silinda. Spana boi wa mwezi mmoja anajua.

Haya, si kila moshi mweupe ni msiba. Asubuhi za Julai, mvua ikinyesha usiku, ekzosi hutema mvuke kidogo, injini ikipata moto basi. Dizeli nayo ina yake: nozeli za kupuliza mafuta zikiharibika moshi hutoka mweupe na kunuka dizeli mbichi. Ila hili ni la petroli, na ilikuwa saa nane mchana, sote tunajipepea. Mvuke wa baridi utoke wapi?

Kupima hakuhitaji hata senti. Injini ikiwa imepoa kabisa (kabisa, nasema; maji ya rejeta yenye moto hayachezewi), fungua rejeta, washa, tazama. Mapovu yakija mfululizo, gasketi ya hedi, ile inayoziba chini ya hedi (kichwa cha injini), imeachia, au hedi yenyewe ina ufa. Vuta dipstiki: oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, usiliwashe tena. Maji hupungua na chini hakuna tone? Ndiyo hiyo hiyo. Gasketi hubadilishwa, hedi ikasawazishwa kwenye mashine, maisha yakaendelea.

Ukiwa na kulanti, ile dawa ya rejeta, moshi huo hunuka utamu. Wa jirani haukunuka kitu, na hapo ndipo hasira zangu zilipopanda. Rejeta yake haijawahi kuona kulanti. Hunyweshwa maji ya kisima! Maji haya haya ya chumvi ambayo sisi wenyewe hatuyanywi, chai yake haiwi chai, sabuni yake haitoi povu, birika lake limeota magamba mpaka mdomoni. Hayo ndiyo tunayomimina kwenye hedi ya alumini. Chumvi inaila alumini taratibu, magamba yanaziba vijia vya rejeta, siku moja uko kwenye foleni ya feri Likoni, jua la utosi, mshale wa joto umepanda hadi mwisho. Hedi inapinda. Gasketi itashika nini?

Dawa ya fundi ikawa nini? Kung'oa themostati, kidude kinachodhibiti joto la injini. "Mombasa joto, hiki hakina kazi." Kumbe wahandisi waliokiweka walikuwa wakimsubiri yeye awafunze.

Kulanti ni ghali, nakubali. Fundi naye ana watoto. Lakini injini nzima!

Jana magharibi nimempita kijana wa jirani akijaza maji kwenye hiyo injini ya pili. Dumu la manjano, kamba ya kisima bado imefungwa shingoni.