Uswisi: Chagua Mlima Kwanza, Tiketi Baadaye

Wageni wengi hulipia Swiss Travel Pass, pasi ya usafiri wa siku kadhaa, kabla hata hawajajua watapanda mlima gani, na hapo ndipo fedha zinapowaponyoka. Pasi hiyo ni nzuri huku chini: treni, mabasi na meli za maziwani karibu nchi nzima, unapanda tu. Ukianza kupanda juu, mambo hubadilika. Rigi, Stanserhorn na Stoos zimo ndani ya pasi. Pilatus na Gornergrat unalipa nusu. Jungfraujoch unapunguziwa asilimia 25 tu.

Jungfraujoch, stesheni iliyo mita 3,454 juu ya bahari, ndiyo inayoharibu hesabu. Pasi inakufikisha Grindelwald au Wengen bila kulipa. Kutoka hapo, kwa kila faranga 100 za nauli kamili, mwenye pasi anatoa 75. Mwenye Swiss Half Fare Card, kadi ya nusu nauli ya bei ndogo zaidi inayodumu mwezi mzima, anatoa 50. Yaani aliyelipa pesa nyingi mwanzoni ndiye anayetozwa zaidi mlangoni!

Kwa hiyo anayetulia bonde moja kwa wiki nzima achukue kadi ya nusu nauli. Pasi ni ya yule anayelala Zurich leo, kesho Luzern, keshokutwa Zermatt. Ukisita, orodhesha safari zako zote, tafuta nauli kamili kwenye programu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, gawa kwa mbili, jumlisha bei ya kadi, kisha linganisha na pasi pamoja na nyongeza za milimani. Angalia programu isiwe tayari imekuwekea punguzo, la sivyo utaigawa nusu mara ya pili.

Pasi ya kawaida huhesabu siku mfululizo, hata ile unayoshinda hotelini mvua ikinyesha. Ya Flex hukuruhusu kuchagua siku zako ndani ya mwezi mmoja.

Treni ya kitalii ya Glacier Express nayo huwakwaza watu. Pasi inalipia nauli, lakini kiti ni lazima ukikate kivyake, kwa malipo ya ziada. Usipotaka gharama hiyo, panda treni za kawaida zinazopita reli ileile kati ya Zermatt na St. Moritz. Utabadilisha treni njiani, ila mandhari ni yaleyale, na baadhi ya madirisha hufunguka, jambo ambalo mpiga picha atalifurahia.

Wenye watoto waombe Swiss Family Card, haina malipo. Wa miaka 6 hadi 15 husafiri bure pamoja na mzazi mwenye pasi au kadi ya nusu nauli.

Tiketi ya kileleni usiikate wiki tatu kabla. Vilele vikubwa vina kamera za moja kwa moja mtandaoni. Zitazame saa moja asubuhi. Ukiona weupe mtupu, huko juu ni ukungu, na siku hiyo maporomoko ya maji ya Lauterbrunnen, bondeni, yanakutosha.