Kabla ya Kubadili Mtutu wa Bastola ya .22, Badili Risasi

Bastola ya .22 (yaani ya risasi yenye upana wa inchi 0.22 hivi) ya kulengea shabaha ikianza kutawanya matundu kwenye karatasi, wa kwanza kulaumiwa ni mtutu. Mwenye bastola anaingia mtandaoni, anaona mtutu mzito unaosifiwa, analipa fedha zinazokaribia bei ya bastola nzima, kisha anarudi kiwanjani na matundu yanatawanyika vilevile. Msimamo wangu ni huu: mtutu uje mwisho, na kwa walenga shabaha wengi usije kabisa. Anza na risasi, halafu mpini, halafu kifyatulio.

Nachukua mfano wa Ruger Mark IV Target, bastola ya .22 ya Kimarekani. Ukoo wake ni wa mwaka 1949, William Ruger na Alexander Sturm walipofungua karakana yao Southport, Connecticut, na kuuza bastola yao ya kwanza kwa dola 37.50. Mark II ilitoka mwaka 1982, Mark IV mwaka 2016. Ile ya chuma cha pua yenye mtutu mnene wa inchi 5.5 ina uzito wa kilo 1.2 hivi, na uzito huo unasaidia mkono utulie.

Kama umenunua Mark IV iliyokwisha kutumika, kabla ya jambo lolote tazama namba yake. Zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni 2017, zenye namba zinazoanza na 401 au WBR, kiwanda kiliziita zirudi. Kitufe cha usalama kikisimama katikati, si juu wala chini, na kifyatulio kikavutwa, bastola ingeweza kufyatuka pale kitufe kinaposogezwa. Kiwanda kinarekebisha bure. Muuzaji asipokuwa na hakika kama kazi hiyo ilifanyika, usiweke risasi hata moja mpaka uthibitishe.

Sasa risasi. Risasi ya .22 haina kiwashio katikati ya kitako. Baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, kuzunguka kote. Ikipakwa nyingi upande mmoja na chache upande mwingine, mwendo wa risasi hubadilika, na tundu hupanda au kushuka bila kosa la mlengaji. Hiyo ndiyo sababu boksi la bei rahisi na boksi la mashindano hutofautiana sana ndani ya mtutu uleule. Kwa kulenga shabaha, tumia zile za mwendo wa kawaida, za futi 1,070 hivi kwa sekunde, yaani mita 326, ambazo haziufikii mwendo wa sauti. Zile za kasi kubwa hupiga bolti (kipande kinachofunga nyuma ya risasi na kurudi nyuma kila unapofyatua) kwa nguvu zaidi bila kukuongezea usahihi.

Jaribio lenyewe si gumu ila linataka subira. Nunua aina nne au tano, kwa mfano CCI Standard Velocity, SK Standard Plus na Eley ya daraja la kati, boksi mbili za kila aina. Egemeza bastola juu ya mfuko wa mchanga, yadi 25. Ukibadili aina, piga kwanza risasi 25 bila kuzihesabu, kwa sababu kila kiwanda kina nta yake na mtutu unahitaji kupakwa upya. Baadaye piga vikundi vitano vya risasi kumi kumi, pima kila kikundi kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, katikati hadi katikati, kisha tafuta wastani. Kikundi cha risasi tatu hakikuambii kitu. Aina ikishinda, andika namba ya toleo iliyo kwenye boksi na ununue kwa wingi toleo hilohilo, maana jina lilelile likiwa na toleo jingine linaweza kukuangusha.

Kikundi gani kinatosha? Kwenye shabaha ya Wamarekani ya yadi 50, duara la kumi lina upana wa milimita 85 hivi. Bastola inayoweka risasi kumi ndani ya milimita 35 kwa yadi 25, yaani milimita 70 hivi kwa yadi 50, inakupa kumi zote ukiwa na mkono mtulivu. Mark IV nyingi zinafika hapo zikipata risasi inayozifaa, kwa mtutu wake wa kiwandani. Nikisoma mtu anashauriwa kubadili mtutu kabla hajajaribu aina mbili za risasi, nasikitika kwa ajili ya mfuko wake.

Mpini ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Simama, nyanyua bastola tupu ukiwa umefumba macho, elekeza kwenye shabaha, kisha fumbua. Kilengeo cha mbele kikiwa kimekaa katikati ya mwanya wa nyuma, mpini unakufaa. Kikiwa kimekimbilia pembeni, usikipindue kwa kifundo cha mkono. Kifundo kitachoka kwenye risasi ya thelathini na kurudi kilikotaka kuwa. Rekebisha mpini wenyewe. Mipini ya mbao yenye bapa la kuegemeza kiganja hutengenezwa kwa ajili hiyo: pandisha bapa mpaka liguse mkono bila kuubana, jaza nafasi zilizo wazi kwa lipu ya mbao kidogo kidogo, iache ikauke, sugua kwa msasa, jaribu tena. Kidole kinachovuta kisiguse ubavu wa mpini mahali popote. Kikigusa, kila unapovuta unaisukuma bastola pembeni, na kwa anayetumia mkono wa kulia matundu hujaa chini kushoto.

Kifyatulio cha kiwandani mara nyingi hudai kilo 2 au zaidi kabla nyundo haijaachia. Kanuni za ISSF (shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha) za bastola ya mita 25 zinataka kisipungue gramu 1,000. Za NRA (chama cha kitaifa cha bunduki cha Marekani) kwa .22 zinataka paundi 2, yaani gramu 907. Kampuni ya Volquartsen ya Carroll, Iowa, inauza seti ya nyundo, kizuizi cha nyundo, springi na kifyatulio chenye skrubu mbili, na ikifungwa sawasawa inashusha uzito hadi karibu kilo moja. Hapo ndipo pa kutumia fedha. Pasipofaa ni kusugua kizuizi cha kiwandani kwa jiwe au msasa. Tabaka gumu la chuma kile ni jembamba. Ukilikwangua, kinachobaki ni laini na kitalika, na siku moja nyundo itaanguka yenyewe.

Skrubu hizo mbili nazo zinataka utulivu. Ya kwanza inapunguza mwendo wa kifyatulio kabla ya nyundo kuachia, ya pili inakizuia kisiendelee baada ya hapo. Ukikaza ya kwanza kupita kiasi, kizuizi hakikai chote kwenye nyundo, na bastola inaweza kupiga mbili kwa kuvuta mara moja. Ukikaza ya pili kupita kiasi, kuna siku haitafyatuka kabisa. Kaza mpaka pale inapoanza kugoma, kisha rudisha nusu mzunguko na uweke tone la gundi ya buluu ya nyuzi za skrubu.

Kabla ya kurudi kiwanjani, bastola ikiwa tupu na chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) umeichungulia kwa macho na kuigusa kwa kidole, fanya hivi. Weka usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiachie, toa usalama: nyundo isianguke. Vuta bolti nyuma na uiachie ijifunge kwa nguvu mara kumi: nyundo isianguke hata mara moja. Ninginiza uzito wa gramu 1,000 kwenye kifyatulio, mtutu ukitazama juu, na uunyanyue taratibu: nyundo isianguke. Siku ya kwanza weka risasi moja kwenye magazini, halafu mbili, na tatu tu baada ya hizo kwenda vizuri. Ikishindwa jaribio lolote, ipeleke kwa fundi mwenye leseni.

Kuna kijipini kimoja ambacho wengi hukisahau wanaporudishia bolti: kile kinachopita pembeni mwa bolti na kuizuia pini ya kugonga isiende mbele sana. Kisipokuwepo, ukifyatua bila risasi pini inagonga ukingo wa chemba na kuacha kovu dogo linaloonekana kwa tochi. Baada ya hapo ganda linakwama, unalaumu risasi, unalaumu magazini. Kovu hilo fundi hulirudisha kwa chombo maalumu cha kusukuma chuma kutoka ndani ya chemba.

Maganda yakigoma kutoka na kovu hakuna, safisha chemba kwa brashi ya shaba, kisha tazama ndoano inayovuta ganda. Ncha yake ikiwa butu, ibadili. Ni kipande cha bei ndogo na ndicho nyongeza yenye faida kubwa kuliko bei yake. Magazini yaache makavu, mafuta huyajaza masizi.

Kuhusu lensi ya nukta nyekundu: kwenye mashindano ya ISSF ya mita 25 hairuhusiwi, kwenye bullseye (mashindano ya Marekani ya bastola ya shabaha) inaruhusiwa na karibu kila mtu anayo. Inawafaa sana wenye macho yaliyochoka. Ila nukta inaonyesha kila mtetemeko wa mkono, na anayeanza hujaribu kuikamata nukta ikiwa katikati na kuvuta kwa pupa. Iache itembee ndani ya duara, wewe endelea kuvuta polepole.

Na ukibaki na hamu ya mtutu, ujue kwamba kwenye Mark IV mtutu na bodi ya juu vimeungana, na bodi hiyo ndiyo yenye namba, kwa hiyo kisheria unanunua silaha nyingine na lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Msomaji wa Kenya au Tanzania asibadili hata springi kabla hajawauliza waliompa leseni. Ukitoka kiwanjani nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kumbeba mtoto. Madini ya risasi (lead), yenye sumu, yako kwenye vichwa vya risasi na kwenye moshi wa kiwashio, na yanashika nguo pia.