Wali wa Ndama

Jamani, leo nimekula tezi. Tena nimelipa euro 24 kwa hiari yangu na kusema asante.

Huu mwaka wa tatu niko hapa Lyon, Ufaransa, kwa hiyo msinifundishe habari za kujifunza lugha. Lugha ninayo. Yangu ni ile ya sokoni na kazini. Ya mezani ndiyo inayonidhalilisha. Migahawa yao ya asili wanaiita bouchon, simu yangu ikatafsiri: "foleni ya magari." Nimekimbia foleni ya Mbagala, naalikwa foleni nyingine mchana kweupe!

Tukakaa, nikaielekeza simu kwenye menyu. Saladi ya wakili. (Avocat ni parachichi, ni wakili pia, nadhani wanatofautisha kwa bei.) Ubongo wa mfuma hariri, kumbe jibini laini yenye majani. Aproni ya askari, huo utumbo. Mavi ya Chavignol, ya moto. Meza ya jirani bibi mmoja mwenye lulu shingoni alikuwa anayapaka kwenye mkate huku amefumba macho. Jibini ya mbuzi, nayo!

Nikazima simu. Mhudumu akaanza kutaja vyakula kwa mdomo, mimi natikisa kichwa kama mzee wa baraza, mara nikasikia "ri do vo." Moyo ukaruka. Ri ni wali, neno la kwanza nililojifunza dukani. Vo ni ndama. Wali wa ndama! Sasa hilo kama si pilau ni nini? Nikavua koti. Nikaomba kijiko kikubwa.

Ikaja sahani: vibonge vitatu vyeupe, laini, vimekaangwa kwa siagi, vimelala kwenye uyoga. Nikafunua uyoga. Punje hata moja. Nikasubiri, maana huenda wali unafuata nyuma. Dakika kumi. Nikamwita mhudumu kwa heshima zote.

"Samahani bwana, wali?"

Akaonyesha sahani. "Ri."

"Ndiyo, ri. Uko wapi?"

"Ri," akagusa kibonge.

"Ri!"

"Ri."

Tukaendelea kukubaliana hivyo mpaka bibi wa lulu akaacha mavi yake.

Mwenzangu wa kazini, mtu wa Lubumbashi, kacheka hadi machozi ndipo akaniandikia kwenye karatasi ya kufutia mikono: riz ni wali, ris ni tezi ya ndama, ile inayosinyaa mnyama akikua. Tofauti ni herufi ya mwisho, na hiyo herufi wenyewe hawaitamki! Hawaitamki! Sasa mimi niisikie kwa sikio gani?

Mwishoni wakaleta ushuzi wa mtawa. Sikuuliza tena. Ni kalimati, ndugu zangu, kalimati kabisa, ila hazina shira. Nimekula sita.

Na mwavuli nimeusahau kulekule. Mvua hii, na siurudii.